Gari la gemu linagonga ukuta na haliharibiki: jibu kwa fundi wa Kirinyaga Road

"Mimi ni fundi wa magari, niko Kirinyaga Road mwaka wa 16 sasa. Kijana wangu ana miaka 10. Jioni anacheza gemu kwa simu yangu, na Jumamosi huenda kwa kibanda cha PlayStation hapa Umoja. Nimeketi naye mara tatu nne nikatazama. Gari linagonga ukuta kwa kasi ya 200, linarudi nyuma na kuendelea, hata rejeta haivuji. Lingine likilala juu chini tu, linalipuka kama bomu. Mtu anapigwa risasi, anakula kuku, anapona. Mti ukikatwa shina, matawi yanabaki hewani. Nikimuuliza ananicheka: 'Baba, ni gemu.' Wiki jana alipanda ukuta wa ploti akaruka na mwavuli wa mama yake, kifundo cha mguu kikateguka. Nauliza: hawa watu wanaotengeneza gemu hawajui mambo, ni wavivu, au wanawafundisha watoto uongo kwa makusudi? Na je, nimkataze?"

Ndugu yangu fundi, pole kwa mguu wa kijana. Tuanze hapo kabla ya mambo ya gemu. Kazi yangu ni kutengeneza gemu na kufundisha vijana kuzitengeneza hapa Nairobi. Mimi si daktari. Lakini hili kila mzazi anafaa kulijua: mifupa ya mtoto wa miaka 10 ina sehemu laini karibu na viungo, ndiko mfupa unakokua, na sehemu hiyo ikiumia huweza kuonekana kama kuteguka tu. Kama bado hawezi kukanyaga vizuri, au uvimbe haujashuka, mpeleke hospitali apigwe eksirei. Usianze na mtu wa kumkanda.

Sasa swali lako. Nimelisoma mara kadhaa, na naona kinachokusumbua zaidi si kuku wala mti. Wewe siku nzima unafundishwa na chuma kwamba kila kosa lina bei. Nati isipokazwa, gurudumu litatoka. Oili isipobadilishwa, injini itakwama. Kisha jioni unamwona mtoto wako ndani ya dunia ambamo kosa halina bei hata kidogo, na unaogopa atakuja kuiingia barabara ya Outering kwa akili hiyo. Hofu hiyo ni ya haki, na nitairudia.

Lakini kwanza niwatetee wenzangu. Wanajua. Wengine wanajua kuliko inavyohitajika.

Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza gemu ndogo ya mkokoteni. Mchezaji anapakia magunia Gikomba, anasukuma hadi Muthurwa, anakwepa matatu, anafikisha mzigo kabla ya mvua. Nilitaka kila kitu kiwe cha kweli. Mkokoteni mtupu nikaupa kilo 80, nikaweka juu yake magunia matatu ya viazi ya kilo 50, magurudumu nikayapa ukinzani wa lami mbovu, na breki ikawa miguu ya msukumaji tu. Nikawapa wanafunzi wangu wajaribu. Wa kwanza hakuweza hata kuondoka langoni. Wa pili aliondoka, akapata mteremko, mkokoteni ukamshinda ukaingia mtaroni. Msichana wa miaka 12 alijaribu mara tano, akaweka pedi ya kuchezea mezani, akaniambia: "Mwalimu, hii si gemu, hii ni kazi."

Usiku ule nilipunguza uzito wa magunia hadi theluthi, nikaongeza nguvu ya kusukuma, na nikafanya mkokoteni usimame mara tu kidole kinapoachilia kitufe. Kesho yake walicheza mpaka wakasahau chai ya saa nne. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba magunia matatu ya viazi hayasukumwi hivyo. Wote wamewahi kuona mkokoteni halisi na jasho la anayeusukuma. Nilichowapa ni raha ya kupenya katikati ya matatu mbili bila kugusa, na ili wapate raha hiyo ilinibidi niondoe uzito.

Tangu siku hiyo, kila nikikutana na jambo lisiloingia akilini ndani ya gemu, najiuliza swali moja: uongo huu unamsaidia nani? Chukua swali hilo, tuyapitie magari yako.

Ukuta kwanza. Gari likigonga ukuta kwa kasi ya 200, wewe unajua kinachobaki. Ukweli huo ukiwekwa ndani ya gemu ya mashindano, kosa moja la kona ya kwanza linamaliza mchezo, na mtoto anarudi mwanzo mara 30 kabla hajaiona kona ya pili. Kwa hiyo adhabu inageuzwa: badala ya kupoteza gari, unapoteza sekunde tatu. Kosa bado lina bei, ila bei yake inalipwa kwa muda. Mwangalie kijana wako akigonga ukuta, utaona anakasirika kwelikweli, kwa sababu waliokuwa nyuma wamempita. Pia kuna sababu ya kibiashara ambayo wengi hawaijui. Gari lenye jina la kampuni halisi huingia kwenye gemu kwa ruhusa ya mwenye jina, na kampuni nyingi hazipendi gari lao lionekane limekunjika kama mkebe. Ndiyo maana gemu zinazoponda magari kwa ukali, kama zile za Burnout, zilitumia magari ya kubuni yasiyo na mwenyewe wa kulalamika.

Kuna jingine litakalokukera zaidi ukiligundua. Katika Mario Kart na nyingine nyingi za aina hiyo, magari yanayoendeshwa na kompyuta huongezewa kasi yakiachwa nyuma sana, na hupunguziwa yakitangulia mno. Ni kana kwamba magari yote yamefungwa kwa mpira mmoja. Hakuna injini unayoweza kuifungua ukaikuta na tabia hiyo. Lakini mtoto anayeachwa nyuma kwa dakika tatu hana sababu ya kuendelea kushika pedi, na anayetangulia peke yake anachoka vilevile. Hapa uongo unamsaidia anayeshindwa, na mara nyingine unamwonea anayeshinda. Mimi binafsi huuona kuwa umetumiwa kupita kiasi, na watoto wakubwa huunusa mapema na kuuchukia.

Sasa gari linalolipuka. Wewe huhitaji mimi nikueleze kwamba petroli ikiwa majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, tena uwe umechanganyika na hewa kwa kipimo, kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Ukipungua hapo hauwaki, ukizidi hauwaki. Gari likilala juu chini linaweza kuvuja, likashika moto na kuungua, lakini kulipuka vipande vipande kwa kulala tu ni jambo la sinema. Katika Grand Theft Auto III ya mwaka 2001 na ndugu zake waliofuata, gari likipinduka hushika moto, na sekunde chache baadaye linalipuka. Sisi watengenezaji tunalielewa hivi: gari lililolala juu chini halina kazi tena, na mchezaji atakaa ndani akibonyeza vitufe bure. Moto unamwambia "toka, tafuta lingine" kwa lugha ambayo hahitaji kusoma.

Nikiwa hapo hapo, niseme bila kuzunguka: kama hiyo ndiyo gemu uliyoiona pale kibandani, si ya mtoto wa miaka 10. Grand Theft Auto V ina alama ya 18 kwenye kisanduku chekundu pembeni mwa kasha lake. Hiyo 18 ni umri. Mwenye kibanda hatakuuliza, kwa hiyo nenda umwambie wewe mwenyewe ni gemu zipi kijana wako anaruhusiwa.

Nikuonyeshe uongo mmoja ambao nadhani hujauona, ingawa umekaa mbele yake mara tatu nne. Jumamosi moja nilikuwa kwenye kibanda Kariobangi, benchi la mbao, watoto sita, televisheni nyuma ya wavu wa chuma. Wanacheza mpira. Mwenye kibanda ameweka dakika 4 kwa kila kipindi ili foleni isogee. Saa ya juu ya skrini lakini inahesabu hadi 45 kama kawaida. Maana yake kila sekunde moja ya ukweli ni sekunde 11 na kidogo za saa ile. Mtoto wa kulia akampa mpira winga wake karibu na lango lao, winga akachomoka kama mshale, akafika kwenye kona ya upande wa pili. Nilihesabu: sekunde 9, mita 70 hivi. Kwa saa ya mchezo ilikuwa imepita dakika moja na sekunde 40. Ukifuata saa ile, winga mwenye mbio kuliko wote uwanjani alitembea polepole kuliko mzee anayerudi kutoka kanisani.

Hakuna mtoto aliyeliona. Na hapa ndipo kazi ilipofanywa kwa ustadi. Mtu aliyekimbia kwa dakika 8 tu hawezi kuchoka kama aliyecheza 90, kwa hiyo gemu pia huharakisha uchovu: dakika za 80 zikifika, yule winga anaanza kuburuta miguu. Uongo wa saa na uongo wa uchovu vimewekwa vishikane mikono, na mtoto anaamka benchini akihisi amecheza mechi nzima, yenye mwanzo mgumu na mwisho wa kuhangaika.

Hata umbali hukatwa hivyo. Ile gemu ya malori, Euro Truck Simulator 2 ya mwaka 2012, inasifiwa na madereva wa kweli kwa gia na vioo vyake, lakini ramani yake imepunguzwa: kilomita 19 za ukweli zimekuwa kilomita moja. Ukiipunguza hivyo barabara ya Mombasa, zile kilomita 480 zinabaki 25, kama kutoka mjini hadi Ruiru. Kwa mtu aliyetoka kazini na ana saa moja tu ya kupumzika, hiyo ni fadhila.

Mti unaobaki hewani ni wa Minecraft, gemu iliyotoka rasmi mwaka 2011. Dunia yake imejengwa kwa matofali ya mita moja kila upande, na karibu yote hayajui kuanguka. Mchanga na kokoto huanguka, mengine hapana. Kama kila tofali lingeulizwa kila mara "wewe umeshikiliwa na nani?", kompyuta ingehangaika sana, lakini nadhani sababu nzito zaidi ni mikono ya mtoto. Mtoto wa miaka 7 hujenga daraja kwa kuweka tofali moja mbele ya lingine juu ya shimo. Angelazimika kujua nguzo na mihimili kabla ya daraja la kwanza, asingejenga hata moja. Mwulize kijana wako kuhusu mizigo, atafurahi. Mhusika wa Minecraft ana nafasi 36 za kubebea, kila moja inaingia matofali 64. Mita moja ya ujazo ya dhahabu ina tani 19.3. Akijaza dhahabu tupu, anatembea na tani zaidi ya 44,000, yaani malori zaidi ya 2,200 ya tani 20, na bado anaruka. Nikiwafanyisha wanafunzi hesabu hiyo, darasa zima hupiga kelele. Ni somo la ujazo na uzito ambalo hawalisahau.

Si kila jambo la ajabu lilipangwa, lakini. Mengine yalilazimishwa na udogo wa mashine, halafu mtu mwenye jicho akayaacha yabaki. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa Japani alitengeneza Space Invaders, yenye maadui 55 wanaoshuka. Prosesa ya wakati ule, yaani ubongo wa mashine, ilikuwa dhaifu, hivyo maadui wakiwa wengi walitambaa. Kila mmoja alipokufa, kazi ilipungua na waliobaki wakaenda mbio zaidi. Haina mantiki yoyote kwamba jeshi linalokufa lizidi kasi. Nishikado aliona jinsi jambo hilo linavyomfanya mchezaji atokwe na jasho, akaliacha. Mario alipewa masharubu na kofia mwaka 1981 kwa sababu vidoti vilikuwa vichache mno kuchora mdomo na nywele. Na katika Super Mario Bros. ya 1985, mawingu ya juu na vichaka vya chini ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi, kwa kuwa gemu nzima ilitakiwa iingie kwenye kilobaiti 40. Picha moja unayotumiwa na mteja kwenye WhatsApp huwa kubwa kuliko hiyo.

Watu hunijibu kwamba hayo yalikuwa ya zamani, mashine za leo zitamaliza vituko. Hazitamaliza. Mwaka 2011 ilitoka Skyrim, gemu kubwa kweli, na wachezaji wakagundua kwamba ukimvisha mwenye duka ndoo kichwani unaweza kumwibia kila kitu mbele yake. Ajabu hiyo ilitokana na uhalisia kuongezwa. Gemu za zamani zingesema tu "mwenye duka yupo, kwa hiyo anaona". Hii ilimpa macho, ikapima mstari kutoka machoni hadi kwa mwizi, na ndoo ikikatiza mstari huo, haoni. Kilichosahauliwa ni kumpa akili ya kushangaa: "kwa nini nina ndoo kichwani?" Ukiiga kipande kimoja cha ukweli, kile cha jirani ambacho hukukiiga kinaonekana wazi zaidi. Wewe unalijua hili gereji: ukiweka injini yenye nguvu kwenye gari la zamani, ndipo udhaifu wa breki unajitokeza.

Kuku ni mwenzake ukuta. Katika Castlevania ya 1986, nyama ilifichwa ndani ya kuta za ngome. Unavunja tofali, unakula, unapona. Mchezaji anahitaji kitu ambacho jicho linaelewa haraka kuwa ni kizuri, na chakula kinaeleweka na kila mtu. Nyingine, kama Call of Duty 2 ya 2005, ziliondoa hata chakula: jifiche sekunde chache nyuma ya ukuta, risasi zinasahauliwa mwilini.

Umeuliza pia kuhusu uvivu. Upo, na nikuambie namna ya kuutambua, maana hapa siwatetei wenzangu. Gemu ina haki ya kutunga sheria zake, lakini ikizivunja yenyewe, mchezaji ameibiwa. Umepewa kombora linaloangusha helikopta, kisha unaambiwa mlango wa mbao haufunguki mpaka utafute ufunguo kwenye chumba cha tatu. Hapo mtunzi alitaka utembee, akashindwa kutafuta sababu. Final Fantasy VII ya 1997 ilikuwa na unyoya unaowaamsha walioanguka vitani; ukaununua na kuutumia mara nyingi. Kisha Aerith, mmoja wa wahusika wakuu, akauawa katika hadithi, na hakuna aliyeutoa ule unyoya mfukoni. Watu wazima bado wanaliuliza hilo, na wana haki ya kuuliza. Mara nyingine ni kutopiga hesabu tu. Katika Pokémon yuko Wailord, mfano wa nyangumi, mwenye urefu wa mita 14.5 na uzito wa kilo 398. Ng'ombe wa Friesian aliyekomaa kule Kiambu anamzidi.

Turudi kwenye neno lako zito: uongo. Ulipokuwa mdogo, mtu akisema "Paukwa!" nanyi mkajibu "Pakawa!", hakuna aliyesimama kuuliza fisi alijifunza wapi kuongea. Jibu lile lilikuwa makubaliano. Na kalongolongo je? Ulipika ugali wa udongo, ukakata sukuma ya majani, ukasema "karibuni mle", na hakuna aliyemeza. Mtoto wako anaposema "Baba, ni gemu", anakupa jibu la Pakawa. Anakuambia anajua yuko ndani ya nini, na kicheko chake kinaonyesha kwamba mambo yale anayaona hayana akili kama unavyoyaona wewe.

Basi kwa nini aliruka? Katika Fortnite mchezaji anashuka kutoka angani akishikilia kifaa cha kuelea, na anayeshinda hupewa mwavuli. Nadhani ndipo wazo lilipotoka. Makubaliano ya Pakawa yanashika pale ambapo mtoto ana uzoefu wake wa kulinganisha. Udongo ameuonja, anajua. Gari lililopondeka amelikuta kwako. Lakini alikuwa hajawahi kuanguka kutoka mita mbili, na mwavuli kila siku anauona ukivutwa na upepo. Hapo hana cha kulinganisha, na gemu ikajaza nafasi. Nafasi za namna hiyo si nyingi, na unaweza kuzihesabu: kimo, moto, umeme, maji ya kina, damu, na magari yanayokuja. Kwenye hayo usingoje aulize. Mengine yote, kuku na miti na dhahabu, mwache acheke.

Kumkataza kabisa naona kutakupunguzia jambo moja zuri, kwamba sasa anakucheka mbele yako. Ataenda kuchezea kwa rafiki, na hutamsikia tena. Kumwachia kila kitu hakufai pia, hasa pale kibandani ambako gemu ya 18 na ya 3 ziko kwenye rafu moja. Mimi ningekaa naye kama ulivyoanza, lakini ningebadilisha namna ya kuuliza. Ukimwambia "hii haiwezekani", mazungumzo yamekwisha. Mwulize, "Ungekuwa wewe ndiye umetengeneza, ungefanya gari liharibike au lisiharibike?" Utashangaa atakavyobishana. Na siku moja ya likizo mpeleke gereji. Mwonyeshe gari lililogongwa mbele, aguse chesisi iliyopinda, umwambie lilikuwa na kasi gani na umelifanyia kazi kwa siku ngapi. Hakuna mtaalamu wa gemu anayeweza kumpa somo hilo, wewe unaweza.

Tafuta msaada wa mtu ana kwa ana ukiona haya: anarudia kuruka au kujaribu hatari nyingine baada ya kuumia, anazungumzia mtu aliyefariki kana kwamba atarudi tu kama mhusika wa gemu, na hatanii, anaamka usiku kucheza, anaacha chakula, anakimbia marafiki, au pesa za nyumbani zinapotea kwenda kibandani. Anza na mwalimu wake wa darasa na yule wa ushauri nasaha, kisha kliniki ya watoto, nao watakuelekeza kwa mwanasaikolojia wa watoto ikihitajika. Na akiwahi kukakamaa, kutetemeka, au kukodoa macho bila kujibu wakati skrini inamweka-mweka, zima kila kitu na umwone daktari, kwa kuwa mwanga wa namna hiyo huamsha kifafa kwa watoto wachache.

Mguu ukishapona, fanyeni jaribio hili pamoja. Chukueni mwavuli wa zamani, fungeni pakiti ya unga ya kilo 2 kwenye mpini, muuachilie kutoka juu ya ule ukuta, wewe ukiwa juu na yeye akiwa mbali akitazama. Mwavuli utashuka ukisitasita kidogo, naye atasema "si unaona!" Kisha fungeni mtungi wa lita 20 uliojaa maji, yaani kilo 20. Mwavuli utageuka nje-ndani au mpini utang'oka, na mtungi utafika chini kama vile haukufungwa chochote, kwa kasi ya kilomita 22 hivi kwa saa kama ukuta ni mita mbili. Mwulize yeye ana kilo ngapi. Halafu mwache akuhesabie mwavuli wake ungehitaji upana wa kiasi gani. Miavuli ya mviringo ya wanajeshi wanaoruka kutoka kwenye ndege ina upana wa mita 10 hivi, na bado wanafundishwa namna ya kuanguka.